Hoho zangu zimebabuka kwa baridi na nilizifunika. Nimekosea wapi?

Mpanda Hoho (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina kilio, naomba mnisaidie kabla sijang'oa kila kitu kwa hasira.

Bustani yangu ni ndogo, matuta sita nyuma ya nyumba. Mawili ya hoho, moja nyanya, moja spinachi, moja kabichi, la mwisho nimechanganya mrehani na saladi. Msimu unageuka, siku zinafupika, usiku umeanza kuuma. Juzi jioni anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu hata la dawa, upepo kimya. Nikasema leo kuna kitu. Nikachukua mifuko ya nailoni, kila mche wa hoho nikauvalisha wake, nikafunga kamba kwenye shina chini ya majani ili usipeperuke. Nyanya nikazitupia nailoni moja kubwa juu juu. Nikaenda kulala najiona mtaalamu.

Asubuhi natoka, kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 3. Tatu, sio sifuri. Lakini kwenye spinachi kuna unga mweupe kama mtu kanyunyiza chumvi, na hoho zangu majani ya juu yote yamekuwa kama yamechemshwa: kijani cha kuiva, yamelowa, yamelegea, ukiyaelekeza kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kufika saa 4 yalikuwa meusi. Mrehani ndio usiseme, kama umemwagiwa mafuta ya moto. Kabichi na spinachi jua lilipopanda zikajikung'uta, hazina habari.

Sasa nauliza. Nyuzi 3 inagandishaje jani? Na kama nilifunika, kwa nini zimeungua zile zile nilizofunika? Maana saladi sikuifunika na imepona!

---

Jembe Butu

Pole sana mkuu. Hayo mambo ya nailoni achana nayo. Washa moto pembeni ya bustani usiku, tupia majani mabichi utoke moshi mzito. Moshi unatanda juu kama blanketi. Wazee wetu hawakuwa na nailoni na mboga walikula.

---

Fundi Kipimo

Mpanda Hoho, kipimajoto chako hakidanganyi, ila umekitundika pasipo. Ukuta umekula jua mchana kutwa, usiku unalitema taratibu, na chenyewe kinapokea. Halafu kiko usawa wa uso wako. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa ya chini karibu na udongo huwa baridi kuliko ya urefu wa mtu, tena kwa nyuzi kadhaa. Na jani lenyewe linakuwa baridi kuliko hata hewa inayoligusa, kwa sababu linarusha joto lake moja kwa moja angani na hakuna kinacholirudisha. Wingu ndilo lingelirudisha. Upepo nao ungechanganya hewa ya juu yenye joto kidogo na hii ya chini. Wewe usiku ule hukuwa na wingu wala upepo. Ukutani 3, kwenye majani chini ya sifuri. Hakuna muujiza hapo.

Kishushe. Kiweke katikati ya hoho, usawa wa majani, ukisome saa 12 asubuhi kabla jua halijagusa bustani. Watu wengi wanaamka saa 6 usiku kuchungulia, wanaona bado kuko salama, wanarudi kulala. Baridi kali kuliko zote ni ya alfajiri hadi jua linapochomoza, maana ardhi inapoteza joto usiku kucha bila kulipwa.

---

Bi Mchicha

Mwanangu pole. Kosa lako naliona tangu mstari wa kamba.

Blanketi halina joto. Ukijifunika unapata joto kwa sababu wewe ndani yake una joto. Je, mche wa hoho una joto? Hauna. Joto liko ardhini, udongo umelihifadhi tangu mchana na usiku unaliachia likipanda juu. Kazi ya kifuniko ni kulidaka hilo lisiende zake. Sasa wewe umefunga kamba kwenye shina, chini ya majani. Joto la udongo limekuja, limekuta mlango umefungwa, limepita pembeni likaenda angani. Umezivalisha hoho kofia, huku miguu iko kwenye maji ya baridi.

Kifuniko lazima kishuke hadi chini, kiguse udongo pande zote, ukikandamize kwa mawe, matofali au udongo wenyewe. Kadiri kinavyochukua eneo kubwa la ardhi ndivyo joto linavyokuwa jingi. Ndiyo maana kufunika tuta zima ni bora kuliko mche mmoja mmoja.

La pili, nailoni ikigusa jani ni kama jani liko nje tu. Nailoni inapoa haraka, na palipogusana ndipo panapoungua. Angalia vizuri hoho zako, nakuhakikishia majani ya ndani ndani ambayo hayakugusa mfuko yana nafuu. Ukiwa huna budi kutumia nailoni, chomeka fito zilizopindwa kama upinde, nailoni ikae juu ya fito. Lakini mimi ni mtu wa shuka. Shuka kuukuu, pazia, khanga mbili zimeshonwa pamoja, gunia. Kitambaa kinashika joto vizuri na kikigusa jani madhara ni madogo.

La tatu, ulifunika saa ngapi?

---

Mpanda Hoho

Bi Mchicha shikamoo. Nimetoka sasa hivi na tochi kuangalia. Ni kweli kabisa! Majani yaliyokuwa katikati ya mfuko ni mazima, yaliyoegemea nailoni yote yamekwenda. Kuna jani moja nusu jeusi nusu kijani, mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula, pale mkunjo wa mfuko ulipokuwa.

Nilifunika kama saa 3 usiku hivi, baada ya kula.

---

Bi Mchicha

Marahaba. Saa 3 usiku umechelewa, joto lilishaanza safari tangu jua linazama. Funika saa 10 au 11 jioni, udongo ungali na moto wake. Na asubuhi jua likishapanda, funua. Usipofunua, nailoni itaoka mimea mchana, na hata chini ya shuka zito udongo hautapata jua la kuweka akiba ya usiku unaofuata. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: jioni funika, asubuhi funua, mpaka uchoke.

---

Nusu Eka

Nami niongeze: weka matandazo mengi ya nyasi kavu chini ya hoho, inchi nne hivi. Udongo unabaki na joto.

---

Bi Mchicha

Nusu Eka hapana! Kwa karoti na kitunguu saumu sawa kabisa, maana unachokilinda kiko chini. Kwa hoho umefanya kinyume. Nyasi kavu zinazuia jua lisiingie udongoni mchana, na usiku zinazuia joto lisitoke kwenda kwenye majani. Mizizi inalala pazuri, majani yanaganda. Usiku wa jalidi, yaani baridi ya kugandisha majani, udongo mzuri kwa mboga za juu ni ule ulio wazi, ulioshindiliwa na wenye unyevu. Ukiwa na matandazo, yasogeze pembeni mchana ule, udongo ulione jua.

Na usilime wala kupalilia siku hiyo. Udongo uliotifuliwa umejaa hewa, na hewa haipitishi joto.

---

Nusu Eka

Duh. Miaka yote najaza nyasi. Basi ndiyo maana nyanya za jirani zilikuwa zinapona, zangu zinalala, nami nikadhani ana mkono wa bahati.

---

Mama Kitalu

Hapo kwenye unyevu naomba nikazie maana watu wanaogopa maji wakati wa baridi. Mwagilia udongo mchana, jua likiwa juu, siku unayohisi jalidi itaanguka. Maji yanabeba joto jingi kuliko udongo mkavu, na udongo wenye maji unalipitisha joto kutoka chini kuja juu. Mwagilia shinani, majani yabaki makavu hadi jioni.

Mimi kitaluni naweka pia madumu. Dumu la lita 20 nalipaka rangi nyeusi, linakaa juani mchana, jioni naliweka ndani ya kifuniko pamoja na miche. Usiku linaachia joto pole pole. Chupa ndogo ndogo nyingi zinafanya vizuri zaidi kwa tuta refu, maana joto linasambaa.

---

Fundi Kipimo

Mama Kitalu, hilo dumu lina hesabu tamu. Lita moja ya maji ikipoa nyuzi 1 inatoa takriban kilojuli 4.2. Lita 20 zikishuka kutoka nyuzi 20 hadi 0 unapata kama kilojuli 1,680. Sio nyingi kwa bustani nzima, ila chini ya shuka moja juu ya tuta fupi inasaidia kuvuka alfajiri. Na maji yakianza kuganda ndiyo yanatoa nyingi zaidi: kilojuli 334 kwa kila kilo, huku joto likiwa limesimama pale pale kwenye sifuri.

Ndiyo siri ya wale wenye mashamba makubwa ya matunda wanaonyunyizia maji usiku kucha. Barafu inayojengeka juu ya chipukizi inatoa joto wakati inaganda, na chipukizi linabaki kama sifuri, halishuki. Ila sikushauri nyumbani. Ukianza huwezi kuacha mpaka barafu iyeyuke yenyewe asubuhi. Maji yakikatika saa 11 alfajiri, ule unyevu unaanza kukauka kwa upepo, unanyonya joto la jani, unaua kuliko kama usingefanya kitu.

---

Jembe Butu

Naona moshi wangu mmeupita kama hamjauona.

---

Fundi Kipimo

Hatujaupita mkuu, tulikuwa tunakuheshimu. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini kwenda angani. Linapita katikati yake kama hauko. Ukungu wa maji ndio unaozuia, kwa sababu matone yake ni makubwa. Kwa moto wako, kinachosaidia ni moto wenyewe, na moto mmoja mkubwa unapandisha hewa ya moto moja kwa moja juu, pembeni inaingia ya baridi kuziba pengo. Ndiyo maana wanaotumia moto mashambani wanaweka majiko madogo madogo mengi, yametawanywa. Kwa matuta sita ya mtu? Utachoma kuni za mwezi, utakohoa, na jirani atakununia.

Na tafadhali mtu yeyote asiweke taa ya mafuta au jiko chini ya shuka au nailoni. Bora hoho ziungue kwa baridi.

---

Jembe Butu

Haya. Nimesikia. Ila moshi unafukuza wadudu.

---

Mzee wa Matuta

Nimesoma uzi mzima na hakuna aliyeuliza bustani iko wapi kwenye kiwanja. Bustani imekaa upande gani, juu au bondeni?

Hewa baridi ni nzito. Usiku inateremka kama maji, inafuata mteremko, na ikikuta kizuizi inatuama. Mimi niliwahi kupanda ua mnene wa michongoma upande wa chini wa bustani, nikajisifu nimezuia mbuzi. Msimu ule maharagwe yangu ya upande wa chini yalikufa yote na ya juu, hatua kumi tu, yalikuwa yanachanua. Mwaka uliofuata vile vile. Sikuelewa mpaka alfajiri moja nilipokwenda peku kutazama: juu udongo baridi wa kawaida, nikateremka, kufika karibu na ua ni kama nimekanyaga mto. Ua wangu ulikuwa bwawa. Nikakata uwazi wa kama mita moja na nusu pale chini kabisa, hewa ikapata pa kutokea. Mbuzi nimewawekea geti.

Kwa hiyo Mpanda Hoho, kesho alfajiri tembea peku bustanini. Miguu itakuonyesha tuta lipi la hoho na lipi la kabichi.

---

Mpanda Hoho

Mzee, umenigusa. Bustani iko upande wa chini, inaishia kwenye ukuta wa tofali. Tuta lililoharibika zaidi ndilo lililo karibu na ukuta huo. Nilidhani ukuta unazikinga.

Bado swali la saladi. Imeponaje bila kufunikwa?

---

Mama Kitalu

Kila mmea na asili yake mdogo wangu. Hoho, nyanya, bilinganya, matango, maboga, bamia, maharagwe na mrehani ni watoto wa joto. Barafu ikishika jani mara moja basi, maji yanatoka ndani ya seli kwenda kuganda nje yake, seli inanyauka na kupasuka, ndiyo ule weusi uliouona. Mrehani hata haungoji barafu, nyuzi 10 tu kushuka chini unaanza madoa. Viazi vitamu navyo ving'oe mapema, udongo ukiwa baridi vinaharibika humo humo na utakuja kujua ghalani.

Saladi, bitiruti na karoti zinavumilia jalidi nyepesi, nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Kabichi, sukuma wiki, spinachi, liki, vitunguu na kitunguu saumu hizo ni askari, zikishazoea zinahimili zaidi ya hapo. Na sukuma wiki iliyopigwa na baridi inakuwa tamu, kwa sababu mmea unageuza wanga kuwa sukari ili usigande kirahisi. Nimesema zikishazoea: mche uliotoka kitaluni jana ukiupeleka nje usiku wa baridi unakufa, hata kama ni kabichi. Uzoeshe wiki moja, mchana nje, usiku ndani, kisha usiku kucha nje.

Na wewe Mpanda Hoho, mbolea ya mwisho uliweka lini?

---

Mpanda Hoho

Urea, wiki mbili zilizopita. Nilitaka zikue haraka kabla ya baridi.

---

Mama Kitalu

Basi umezitengenezea majani laini ya kuungua. Msimu unapofungwa acha kabisa mbolea ya kukuzia. Zaidi ya hapo, siku ikiwa na chini ya saa 10 za mwanga, mboga nyingi zinasimama kukua hata uzibembeleze vipi. Kilichokua kabla ya hapo ndicho utakachokuwa unachuma.

---

Kiroba Kimoja

Nasoma kimya kimya hapa nimeweka kambi. Swali dogo: hoho zilizoungua azikate majani?

---

Bi Mchicha

Asikate sasa. Majani yaliyokufa yanakinga ya chini kama usiku mwingine unakuja. Na asubuhi yakiwa yameganda asiyaguse kabisa, yanavunjika kama kioo. Asubiri siku chache aone chipukizi linatokea wapi ndipo akate.

Nyanya je? Kama zimeanza kugeuka rangi hata kidogo tu kwenye kitako, chuma zote ulete ndani. Chini ya nyuzi 10 hazitaiva mtini, utakuwa unazilinda bure. Ndani zinaiva zenyewe kwenye nyuzi 18 hadi 21, wala hazihitaji jua la dirishani, weka na ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi. Zile ndogo ngumu za kijani kibichi haziivi, tafuta cha kuzipikia.

---

Fundi Kipimo

Kabla hujalala: kuna jalidi isiyoonekana. Hewa ikiwa kavu sana haitoi ule unga mweupe. Asubuhi unaona majani yamekaa kawaida, unafurahi, saa 5 yanageuka meusi. Usiku wa hivyo ni hatari zaidi, kwa sababu hewa yenye unyevu ikianza kutoa umande inaachia joto kidogo na kupunguza kasi ya kupoa, kavu haina msaada huo. Kwa hiyo usingoje kuona weupe ndio ufunike.

---

Mpanda Hoho

MREJESHO. Siku ya nne tangu nilete uzi.

Jana anga likawa jeupe tena. Mchana saa 7 nilimwagilia matuta ya hoho mpaka yakalowa vizuri. Saa 10 na nusu jioni nikachomeka fito, nikatandika shuka mbili, kingo nikazikandamiza kwa matofali pande zote. Ndani ya tuta la kwanza niliweka chupa sita za maji zilizokuwa juani, la pili sikuweka, makusudi. Vipimajoto viwili: kimoja chini ya shuka la kwanza, kingine nje usawa ule ule.

Leo saa 12 asubuhi: nje, nyuzi 2 chini ya sifuri. Chini ya shuka, nyuzi 2 juu ya sifuri. Nimesimama pale nimeshika tochi kama mwizi, nasoma mara mbili mbili. Shuka lenyewe juu limekakamaa, lina barafu, ukiligonga linalia. Ndani majani yamekaa.

Tuta la pili lisilo na chupa limepona pia, isipokuwa miche miwili ya mwisho upande wa ukuta, ambako tofali liliteleza usiku na kingo ya shuka ikainuka kama upana wa kiganja. Hiyo miwili imebabuka upande mmoja tu, ule wa uwazi.

---

Bi Mchicha

Hapo sasa. Umeona kiganja kimoja kinafanya nini?

---

Mzee wa Matuta

Na nimefurahi ni upande wa ukuta. Msimu ujao hapo panda kabichi.

---

Mpanda Hoho

Nimeshaamua mzee, na ukuta nitautoboa matundu mawili chini.

Ila wakuu, leo wanasema usiku utakuja na upepo mkali na baridi ya kuganda. Nafunika kama jana?

---

Fundi Kipimo

Hapana. Hiyo ni baridi nyingine. Jana udongo wako ulikuwa unapambana na anga tu. Leo hewa yenyewe inakuja ikiwa imeganda kutoka mbali na upepo unapekua kila upenyo. Shuka litakupa nyuzi chache, halafu upepo utalichukua. Kama nje itashuka hadi 4 au 5 chini ya sifuri, hoho hazitoki. Vuna leo zote, hata changa, zinalika. Nguvu zako zipeleke kwenye saladi: shuka juu, nailoni juu ya shuka, mawe mazito. Kabichi ziache.

---

Mpanda Hoho

Nimevuna. Ndoo mbili na nusu, sikutegemea kabisa. Mashina nimeyaacha yasimame, nitayang'oa kesho. Saladi nimeifunika tabaka mbili na kila tofali nililonalo liko juu yake, pamoja na jiwe la kusagia.

---

Jembe Butu

Safi mkuu. Kwa hiyo mimi hapa na kuni zangu nizime?

---

Bi Mchicha

Zima, mwanangu. Kisha hayo majivu yakipoa niwekee, nina vitunguu.